Mwangu, Pangu, Petu

Katika ngeli zote za Kiswahili nilizopata kuzifundisha, ngeli ya mahali ndiyo iliyonipa kazi kubwa kuliko nyingine. Mwanafunzi wa kidato cha pili hukubali bila ubishi kwamba mtoto ni huyu na kitabu ni hiki. Lakini ukimwambia kwamba nyumba ileile yaweza kuwa nyumbani pangu, nyumbani kwangu na nyumbani mwangu, hukunja uso na kuuliza: "Mwalimu, lipi kati ya hayo ndilo sahihi?" Yote ni sahihi, ila hayasemi jambo moja. PA huonyesha mahali dhahiri, panapoweza kunyooshewa kidole. KU huonyesha eneo au upande, bila kuweka mpaka. MU huonyesha ndani. Akisema mtu "kwangu", ametaja upande anaoishi; akisema "pangu", ametaja pale anaposimama; akisema "mwangu", ameingia na kufunga mlango.

Kwa zaidi ya miaka 30 nililifundisha somo hili kama jambo la mtihani. Baada ya kustaafu ndipo nilipoliona likiwagawa majirani katika jengo la ghorofa jijini Dar es Salaam, anakoishi binti yangu. Watu waliokuwa wakipishana ngazini kwa salamu na utani walifika mahali pa kuandikiana barua, na chanzo kilikuwa ukuta wa nje: nani ana haki ya kuugusa, na kwa kiasi gani. Nasimulia kisa hiki hapa, ndugu msomaji, kwa kuwa naamini nusu ya ugomvi ule ilikuwa ya saruji na nusu nyingine ilikuwa ya lugha.

Mimi ni mkazi wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika bonde la Usangu. Huku kwetu nyumba husimama peke yake. Mtu hufyatua matofali yake, huyapanga tanuru, huyachoma kwa pumba za mpunga ambazo mashine za kukoboa huzimwaga marundo kwa marundo, kisha hujenga na kuezeka bati. Akitaka kupaka ukuta rangi ya kijani, ataupaka. Akichoshwa na jua la magharibi na kuamua kuziba dirisha la upande huo, ataliziba, na jirani atakayepita atasema tu, "Hongera kwa kazi." Mgeni anayetutazama anaweza kudhani kwamba hatuna kanuni yoyote juu ya sura ya nyumba.

Tunazo, ila hazikuandikwa. Upenu wa nyumba yako usidondoshe maji ya mvua katika ukuta wa mwenzako. Ua wako wa michongoma usilambe njia ya miguu. Tanuru lako lisielekeze moshi mlangoni kwa mzazi aliyejifungua juzi. Na juu ya hayo yote tuna mfereji, ambao ndio shule yetu kubwa ya mali ya pamoja. Maji ya mto huingia banioni, yakafuata mfereji mkuu, yakagawanywa katika mifereji midogo mpaka majarubani. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na kila mmoja ana wajibu wa kutoka na jembe siku ya kusafisha. Aliye juu akifungua maji kwa pupa, aliye chini hupanda mpunga vumbini. Sijapata kumsikia mkulima wa Usangu akidai kwamba kipande cha mfereji kinachokatiza shambani kwake ni chake peke yake, akifukie au akipanue apendavyo. Husema: mfereji unapita pangu, lakini si wangu. Sentensi hiyo naomba uiweke akilini, maana tutaihitaji ghorofani.

Neno ghorofa tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni chumba. Sisi tumelipandisha juu, likawa tabaka zima la vyumba juu ya tabaka jingine. Kwa muda mrefu Mtanzania aliyeishi humo alikuwa mpangaji. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na kukawa na Msajili wa Majumba wa kuyasimamia, hadi shughuli zake zilipounganishwa na za Shirika mwaka 1990. Mpangaji wa zama hizo aliyetaka kutoboa ukuta alijua mwenye ukuta ni nani, na alijua kwamba si yeye. Aliomba, akajibiwa au asijibiwe, akatoboa usiku au akaacha. Swali la ukuta ni wa nani halikuwepo.

Swali lilizaliwa mtu alipoweza kununua sehemu ya jengo na kupewa hati yake. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ilitungwa na Bunge letu mwaka 2008. Wakenya walikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1987, wakaiandika upya mwaka 2020. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2010. Msingi wake waeleweka kwa urahisi. Kila mmiliki ana sehemu yake, ambayo aweza kuiuza, kuiweka rehani au kuirithisha. Ngazi, paa, uwanja na mambo mengine yanayowahusu wote ni mali ya pamoja. Wamiliki wote huwa wanachama wa umoja wao, umoja huo huwa na uongozi, hukusanya michango ya matunzo na huweka kanuni za kuishi pamoja. Ukiitazama kwa macho ya Usangu, hiyo ni jumuiya ya mfereji iliyopandishwa ghorofani.

Tofauti iko katika jambo moja. Mfereji waonekana mwanzo wake na mwisho wake. Ukuta wa ghorofani una nyuso mbili. Uso wa ndani unaupamba mwenyewe, unatundika picha ya harusi na kalenda. Uso wa nje huuoni hata siku moja ukiwa umeketi nyumbani. Wanaouona ni wenzako wanaorudi kazini. Na katikati ya nyuso hizo kuna mahali palipo pagumu kuliko pote, napo ni roshani.

Roshani ni neno zuri lililotufikia kutoka Uajemi, likiwa na maana ya mwanga. Ni mahali pa kutokezea nje bila kutoka. Je, aliye roshanini yu ndani au yu nje? Akivaa kanga moja, hujiona yu ndani. Jirani wa jengo la pili humwona yu nje. Lugha yenyewe hukubali yote mawili: waweza kusema roshanini mwangu, na waweza kusema roshanini pangu, wala hakuna mwalimu atakayekukosoa.

Binti yangu anaishi ghorofa ya tatu pamoja na mumewe na mtoto wao, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka miwili na alikwisha kujifunza kuburuta kiti. Mama yeyote aliye na roshani na mtoto anayeburuta kiti ataelewa. Alimwita fundi wa kuchomelea, akapimiwa, na baada ya wiki moja roshani yote ikafungwa kwa wavu wa chuma uliopakwa rangi ya buluu. Jengo ni la rangi ya maziwa na kijivu. Siku chache baadaye ikaja barua ya uongozi wa umoja ikimtaka auondoe wavu huo ndani ya siku 14, kwa kuwa kanuni yasema: "Hairuhusiwi kufanya badiliko lolote la nje."

Alinipigia simu jioni ileile. Baada ya shikamoo hakuuliza habari za mpunga kama kawaida yake. "Baba," alisema, "wewe ndiye mtu wa Kiswahili. Hebu nisomee barua hii. Mimi wavu wangu nimeuweka ndani ya roshani. Badiliko la nje liko wapi?" Akanisomea, nami nikamwomba anitumie picha ya ukurasa wote wa kanuni.

Niliposoma ule mstari niliona kwamba ungemtesa hata mtahini. "Badiliko la nje" laweza kuwa badiliko linalofanyika upande wa nje. Laweza pia kuwa badiliko la sura ya nje, hata likifanyika kwa ndani. Neno nje lenyewe halina makao. Hutegemea msemaji amesimama wapi. Mambo ya nje ni ya nchi nyingine. Mtoto wa nje amezaliwa papa hapa mtaani. Choo cha nje kimo ndani ya ua. Kanuni iliyoandikwa kwa neno tupu kama hilo haimkatazi mtu yeyote jambo lolote mpaka atokee mwenye nguvu wa kuamua nje yaanzia wapi. Akitokea, itamkataza yule asiyempenda.

Nilisafiri kwenda Dar es Salaam kumwona mjukuu, na kwa kuwa mkutano wa wamiliki ulikuwa umeitishwa wiki hiyo, nilimsindikiza binti yangu. Kabla ya mkutano nilishuka uwanjani asubuhi nikalitazama jengo kwa utulivu, sakafu moja baada ya nyingine. Nilihesabu madishi ya televisheni yaliyochomekwa ukutani, mashine za viyoyozi zilizodondosha maji, kamba za nguo, nondo za madirisha za mitindo mitatu, na mkeka mmoja ulioanikwa tangu jana. Wavu wa buluu ulionekana, ndiyo. Lakini kilichovuta macho kuliko vyote kilikuwa katika ghorofa ya pili, upande wa pili wa ngazi. Huko roshani haikuwepo tena. Palikuwa na ukuta wa matofali ya saruji, dirisha la vioo lenye fremu za alumini, na bomba la maji machafu lililotoboza chini.

Roshani ya jengo lile ni bamba la zege linaloning'inia bila nguzo. Tofali moja la saruji la inchi 6 huzidi kilo 20, na mimi nisiye mhandisi niliweza kuona kwamba bamba lile halikutarajia mzigo wa chumba kizima. Chini yake, ghorofa ya kwanza, anaishi mama mjane wa rika langu. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanionyesha dari la chumba chake cha kulala. Lilikuwa na doa la rangi ya chai lililotambaa mpaka juu ya kitanda, na ndoo ilikuwa imewekwa mtoni. Alisema sentensi ambayo sijapata kuisikia ikisemwa kwa ufasaha zaidi darasani: "Mwalimu, chumbani mwangu mnanyesha." Hakusema panavuja, wala kunavuja. Mvua ilikuwa imeingia ndani kabisa, na alitumia kiambishi kinachostahili.

Swali hili la uso wa nyumba si geni kwa Waswahili. Wazee wa pwani walilijibu kwa jiwe kabla ya sisi kulijadili kwa barua. Nilipotembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar nilizitazama nyumba zile za mawe na chokaa, zenye dari za boriti, na mbele yake mabaraza. Baraza hujengwa na mwenye nyumba, kwa gharama yake, limeegemea ukuta wake. Lakini anayekaa juu yake aweza kuwa mpita njia, muuza kahawa au jirani anayesubiri adhana. Mwenye nyumba aweza kulipaka chokaa na kulifagia. Hawezi kumwuliza mwenzake kwa nini amekaa. Ni pake, lakini si mwake. Na tazama lugha ilivyofanya: pale watu walipozoea kukaa kuzungumza, ndipo jina la mkutano lilipotoka. Leo tuna Baraza la Mawaziri, na tangu sheria ya mwaka 2002 tuna Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, wanakopelekana watu waliogombania kuta. Kiti cha mawe cha nje ya nyumba kimetoa jina la chombo kinachoamua magomvi ya nyumba.

Mji ule umewekewa mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwenye nyumba humo hana ruhusa ya kubadili uso wa nyumba yake bila kibali. Wapo wanaonung'unika, nami nawaelewa, maana kibali hakiezeki paa. Lakini kanuni ina sababu inayoweza kuelezwa kwa fundi yeyote. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta hula nafsi yake polepole. Aliyepiga saruji anaona amefanya usafi, na anayeumia ni yule anayetumia naye ukuta huo.

Nje kidogo ya hapo, Ng'ambo, yapo majengo marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yamepangwa katika mistari mirefu iliyonyooka, kila dirisha likiwa kama mwenzake. Lakini binadamu hakai katika mstari ulionyooka kwa miaka 50 bila kuacha alama yake. Mmoja ameweka nondo, mwingine amepaka rangi yake, mwingine ameotesha mrehani kwenye kopo. Nilipoyatazama sikuona uharibifu. Niliona watu wakijaribu kuandika jina lao katika daftari lililochapwa kwa mashine. Hamu hiyo ni ya haki, na kanuni yoyote isiyoipa nafasi itavunjwa usiku.

Nikiwa na mawazo hayo niliingia mkutanoni. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye sauti ya kuchoka, alisoma kanuni ile na kusema kwamba chochote kinachoonekana kutoka uwanjani ni badiliko la nje. Kijana mmoja akauliza kama mapazia nayo yamo, maana yake yaonekana kutoka uwanjani. Mama mwingine akauliza juu ya nguo za mtoto mchanga. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alikumbuka cha kwake. Katibu alitoa hoja nzito: wavu uliofungwa pande zote humzuia mtoto asianguke, lakini siku ya moto humzuia pia aokolewe. Binti yangu aliinama. Hilo hakuwa amelifikiri, wala mimi.

Kisha akasimama yule bwana wa ghorofa ya pili. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mwenye kiburi. Alisema kwa utulivu kwamba mama yake aliletwa kutoka kijijini akiwa amepooza upande mmoja, na nyumba ina vyumba viwili na watoto wanne. Alisema aliandika barua ya kuomba ruhusa, akaifikisha kwa mkono, akasubiri miezi mitano bila jibu. Mama alikuwa akilala sebuleni, akibadilishwa nguo mbele ya wajukuu. "Basi nikajenga," alisema. "Nilijenga mwangu. Mwangu ni mwangu." Akaketi. Mama mjane naye akasimama, hakumtazama, akasema, "Na mwangu je?" Hakuongeza neno.

Nimehudhuria mikutano mingi ya walimu, ya wazazi na ya wakulima, na sijapata kusikia hoja mbili fupi zilizobeba uzito kama huo. Wote wawili walikuwa wakitetea ndani. Kilichokuwa kikipigana ni ndani mbili zilizotenganishwa na unene wa zege, na hiyo zege, pamoja na bomba lililopita ndani yake, haikuwa ya yeyote kati yao peke yake. Ilikuwa yao wote, na hakuna aliyekuwa ameitetea.

Mwenyekiti alijua kwamba nimepata kufundisha Kiswahili, akaniomba niseme kama mgeni. Sikutaka kuhukumu. Nilieleza zile ngeli tatu kama nilivyozieleza hapo juu, na nikawaambia habari za mfereji. Nikapendekeza kwamba neno nje lifutwe kabisa katika kanuni na mahali pake pawekwe majina ya vitu, yapangwe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yaliyo mwangu: rangi ya ndani, sakafu, makabati, mapazia; hayo hayaombewi ruhusa. Fungu la pili ni yaliyo pangu: mlango wa ngazini, dirisha, roshani, kamba ya nguo, dishi, ni ya mmiliki, lakini ayabadilipo atoe taarifa na afuate kipimo na rangi iliyokubaliwa. Fungu la tatu ni yaliyo petu: ukuta wa nje, bamba la zege, paa, mabomba makuu, ngazi; hayo hayaguswi ila kwa uamuzi wa wote na ushauri wa mhandisi. Kijana wa mapazia ndiye aliyeongeza jambo ambalo mimi sikulisema, na lilikuwa muhimu kuliko yangu: uongozi ukiletewa ombi, ujibu kwa maandishi ndani ya siku 21. Hakuna aliyepinga. Hata Mwenyekiti aliinua mkono, ingawa aliuinua mwisho.

Usiku ule, nikiwa sebuleni kwa binti yangu, niliandika ubeti mmoja nikaunakili nyuma ya nakala ya kanuni. Mlezi wangu wa ushairi chuoni angenikemea kwa kurudia neno moja katika vina vyote vya mwisho. Lakini neno hilo ndilo lililokuwa na kesi, nikaliacha lisimame kizimbani mara nne:

Ukuta nilio ndani, ndiwo ule ulio nje,
Rangi ni yangu moyoni, macho ni ya walio nje,
Nikimwaga maji chini, yamlowanisha wa nje,
Tukae kama jirani, tulindane ndani na nje.

Wavu wa buluu uliondolewa. Fundi aliuunda upya, ukawa na mlango mdogo unaofunguka kwa ndani na kitasa kilicho juu kuliko mkono wa mtoto, ukapakwa rangi ya kijivu. Binti yangu amelipa mara mbili, na hajaacha kunikumbusha kwamba mara ya pili ilitokana na ufasaha wangu. Majirani wawili wamekuja kuchukua kipimo ili watengeneze kama ule. Kutoka uwanjani hauonekani kwa urahisi mpaka uoneshwe.

Chumba cha ghorofa ya pili hakijaondolewa. Mhandisi aliyeitwa na umoja alikagua, akasema matofali yashushwe, na bwana yule amesema atayashusha siku atakapoonyeshwa pa kumlaza mama yake. Bomba ameliziba mwenyewe, kwa hiyo dari la mama mjane limekauka, lakini doa limebaki na bamba limebeba mzigo uleule. Shauri limefikishwa barazani na linasubiri tarehe. Kanuni mpya yasema kweli, nami bado nasimama nayo: zege ile ni petu, na haiwezi kubebeshwa chumba kwa huruma. Lakini kila nilipopanda ngazi zile nilipita mlango ambao nyuma yake kuna mama mzee aliyepata faragha yake kwa tofali zilizojengwa pasipo haki, baada ya barua iliyokaa miezi mitano bila kujibiwa. Kanuni iliyonyamaza ina sehemu yake katika ukuta ule.

Kabla ya kurudi Mbarali nilibisha hodi kwake. Alinifungulia, akanikaribisha chai, akanipeleka kumwamkia mama yake. Nilimwamkia kwa heshima anayostahili mkubwa wangu, naye akaniitikia kwa mkono wa kushoto, ule ulio na nguvu. Dirisha la alumini lilikuwa wazi na upepo wa bahari ulikuwa ukiingia. Hatukuzungumza habari za kesi. Aliponisindikiza mpaka ngazini, bwana yule alitazama chini, kule kwenye mlango wa mama mjane, akasema: "Mwalimu, umetugawia mwangu, pangu na petu. Kwangu hukuisema."

Ni kweli, sikuisema, na nimeifikiri njia nzima ya kupanda kuja nyanda za juu. Kwangu haina mpaka, ndiyo maana haingii katika kanuni. Hakuna umoja wa wamiliki unaoweza kuipigia kura. Mtu husema "karibu kwangu" hata kama ana chumba kimoja cha kupanga, na husema "siku hizi sipaoni kwangu kama kwangu" hata kama ana hati mkononi. Wale wawili, wa juu na wa chini, wana mwao, wana pao, na sasa wana kanuni ya petu iliyoandikwa vizuri. Hawajasalimiana tangu mkutano ule. Baraza litaamua juu ya matofali, na nina imani litaamua kwa haki. Salamu haimo katika hati ya madai, na hiyo wataitafuta wao wenyewe pale ngazini.